Tunaomba Meza: Maneno ya Akina Mama Washonaji kwenye Mkutano wa Mwaka

Ndugu zetu wa Masasi na Newala mnaoishi mbali na nyumbani,

Tumetumwa na wenzetu wa kikundi cha ushonaji. Tuko akina mama 14, wengi wa Newala na wachache wa Masasi. Hatukuja kuomba cherehani. Cherehani tunazo 6, zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu. Tulizinunua kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini unarejeshwa. Tumekuja kuomba meza, na tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

Mnaikumbuka baridi ya Newala ya Juni na Julai. Kwa ajili ya baridi hiyo tunashona mablanketi ya viraka. Vitambaa tunavipata kwa mafundi: msimu wa korosho ukiisha zinakuja sherehe, kila sherehe na sare yake ya kitenge, na mabaki yanabaki chini ya cherehani. Juu tunaweka viraka, katikati blanketi kuukuu jepesi, chini shuka. Kisha tabaka zote tatu tunazishona pamoja kwa maua: jani la mkorosho, au bibo na korosho yake chini.

Kwenye maua ndiko kwenye kazi. Ukishona mshono ulionyooka, meno yaliyo chini ya sindano ndiyo yanayosukuma nguo. Wewe unaiongoza tu. Ukishona maua, meno hayafanyi kazi. Mikono yako ndiyo inayopeleka nguo mbele, nyuma na pembeni. Ni kama kuandika huku kalamu imesimama na karatasi ndiyo inayotembea.

Mwaka jana tulipata oda ya mablanketi 10 ya nyumba ya wageni. Tulipeleka 10, yakarudi 7. Shuka la chini lilikuwa limejikunja, na mishono ilikuwa mirefu hapa, mifupi pale. Mteja alikuwa na haki. Marejesho ya mkopo ya mwezi ule tuliyatoa mifukoni mwetu, na wawili kati yetu waliuza kuku.

Tukakaa chini, tukaanza upya.

Kwanza, maandalizi. Kitenge kipya kinafuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu kina wanga na kinaweza kurudi kikifuliwa baadaye. Kisha tunapiga bandi tabaka zote tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, mikunjo yote inakutana katikati.

Pili, cherehani. Kama meno yake hayashuki, tunayafunika kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la sindano, na urefu wa mshono tunauweka sifuri. Kiguu cha kawaida tunakitoa, tunaweka kile kidogo cha kutililia chenye springi. Chenyewe kinaibana nguo sindano inapoingia, kisha kinaiachia itembee. Na jambo wengi wanalolisahau: ile wenzo ya nyuma inayoshusha kiguu lazima iwe chini. Ikibaki juu uzi wa juu haukazwi, na chini ya nguo uzi unajisokota kama nywele zisizochanwa.

Tatu, mikono na miguu iende pamoja. Miguu ikikimbia na mikono ikichelewa, mishono inakuwa midogo na kubanana. Mikono ikikimbia, mishono inarefuka, sindano inapinda, inagonga chuma na kukatika. Vidole tunavitandaza kuzunguka sindano, mbali nayo kidogo, bila kukunja ngumi. Glovu za kazi zenye vidoa vya mpira, zile za duka la vifaa vya ujenzi, zinasaidia nguo isiteleze mkononi. Tunashona eneo la ukubwa wa sahani, tunasimama, tunahamisha mikono, ndipo tunaendelea.

Hayo yote tuliyafanya, na bado maua yalipinda. Tukalaumiana. Mama mmoja alisema mikono yake imezeeka, arudi tu shambani.

Siku moja tukaazima mlango wa zamani. Tukauweka juu ya mapipa kushoto kwa cherehani, ukalingana na uso wake, na benchi nyuma. Blanketi zima likalala juu, halikuning'inia popote. Tukamwita yule mama akae. Mikono ilikuwa ile ile, uzi ule ule. Bibo likatoka duara, na korosho yake chini.

Ndipo tulipoelewa. Meza ya cherehani ni nyembamba. Blanketi linaanguka ukingoni, na uzito wake unavuta nguo upande mmoja wakati mkono unavuta upande mwingine. Mshonaji anatumia nguvu zake zote kupigana na uzito, hana zilizobaki za kuchora ua. Mikono ya mama yule haikuwa na kosa lolote.

Mlango tumeshaurudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaomba meza 6 pana, zenye nafasi iliyokatwa ili cherehani ikae ndani na uso wake ulingane na mbao. Maseremala wa kuzitengeneza wapo huko huko nyumbani, fedha zenu zitabaki huko. Tunaomba pia viguu 6 vya kutililia na glovu. Gharama zimo kwenye ukurasa wa bajeti wa kijitabu hiki.

Kwa upande wetu tunaahidi mambo mawili. Kila meza itakayopatikana, tutamfundisha juu yake binti mmoja aliyemaliza shule. Na mwakani tutaleta blanketi hapa mkutanoni, mligeuze wenyewe mtazame upande wa chini. Huko ndiko kazi inakoonekana.

Karibuni nyumbani.