Somo la Kumi na Nne: Kuiachia Kompyuta Kazi ya Kunakili

Mlio darasani, kaeni mnapoweza kuuona ubao. Na wewe unayeisoma karatasi hii nyumbani, shika kalamu na daftari, maana leo kuna hesabu kidogo.

Tunaendelea na picha za nukta. Mnakumbuka kwamba picha ya namna hii ni kama mkeka: vijiraba vidogo vidogo, kila kimoja na rangi yake. Kijiraba kimoja huitwa pikseli. Ukitaka picha itembee, huna budi kuchora picha nyingi zinazofuatana, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Kila picha katika mfuatano huo ni fremu.

Hapo ndipo uchovu unapoanza. Tuseme unamchora mama anayetwanga. Mchi unapanda na kushuka, mikono inaufuata, lakini kinu hakisogei. Je, ukichore kinu kilekile mara 24? Hapana. Utakinakili.

Shida hii ni ya zamani. Mafundi wa filamu za katuni huko Marekani walikuwa wakichora kila picha kwa penseli, kisha wengine, wengi wao wanawake, wakaifuatisha kwa wino juu ya karatasi angavu. Katika filamu ya Disney ya mbwa 101 wenye madoa, iliyotoka mwaka 1961, mashine ya kunakili ilihamisha michoro ya penseli moja kwa moja kwenye karatasi hizo. Fikiri mbwa wangapi, na madoa mangapi! Bila mashine ile kazi ingekuwa nzito mno.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Nitatumia programu iitwayo Aseprite, ambayo David Capello alianza kuitengeneza mwaka 2001. Ndani yake zipo nakala za aina mbili, na hapa nataka usikilize vizuri.

Ya kwanza ni nakala huru. Ukibonyeza Alt pamoja na N, unapata fremu mpya inayofanana na ile uliyokuwa nayo. Tangu hapo kila moja ina maisha yake: ukipaka hii rangi, ile haibadiliki.

Ya pili ni nakala iliyofungwa. Bonyeza Alt pamoja na M. Machoni utaona picha mbili, lakini kwa kweli ni picha moja inayoonyeshwa mahali pawili. Ukiigusa huku, imebadilika na kule.

Tofauti hii inaweza kukugharimu siku nzima. Mteja wako anakuja jioni, anasema, “Fundi, kinu hiki ni cheusi mno, kifanye cha hudhurungi.” Kama ulitumia nakala huru, una vinu 24 vya kupaka. Kama ulizifunga, unapaka kimoja tu, na mteja hajamaliza chai yake. Lakini kufunga nako kuna hatari yake. Ukichora mpunga umemwagika kwenye kinu katika fremu ya 20, utauona umemwagika tangu fremu ya 1, kabla mchi haujashuka hata mara moja! Ikiwa ndivyo, ifungue kwanza fremu hiyo, ndipo uichore.

Kwa hiyo kabla ya kunakili chochote, tenga matabaka. Kinu kikae tabaka lake, mama na mchi tabaka lao. Kisichosogea kifunge, kinachosogea kiache huru. Mimi naona kazi hii ya kutenga ndiyo yenye kutaka akili. Kubonyeza vitufe hata mtoto ataweza.

Haya, hesabu. Kutwanga kuna fremu 4: mchi juu, mchi ukishuka, mchi kinuni, mchi ukipanda. Unataka atwange mara 6, yaani fremu 24. Programu hii huipa kila fremu mpya milisekunde 100 usipobadilisha, basi atatwanga kwa sekunde 2 na sehemu 4 za kumi. Badala ya kunakili kwa mkono, unaweza kuandika amri kwa Lua, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1993. Kwa maneno yetu amri hiyo inasema hivi:

Rudia mara 5: chukua fremu ya 1 hadi ya 4, zinakili, ziweke mwisho wa mstari.

Kwa nini 5, si 6? Kwa sababu fremu 4 za kwanza zipo tayari. Ukiandika 6 utapata 28. Hifadhi kazi yako kabla ya kuiendesha amri, na uziweke hatua zote katika fungu moja, ili ukikosea, kutendua mara moja kuzirudishe zote.

Tena, kama picha yako itaingia katika mchezo wa kompyuta ambao wenyewe utarudia zile fremu 4, usinakili kabisa. Zitoe nne, basi.

Zoezi. Mtu anaendesha baiskeli mbele ya nyumba. Andika daftarini sehemu utakazozifunga na utakazoziacha huru. Kisha: una fremu 6, unataka 30. Amri irudiwe mara ngapi? Jibu mtalisikia mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.