Kibiti na Kumbukumbu za Simu

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Tanzania Mei 2019 na kufikia ukomo Januari 2020, uliifungamanisha kila laini inayotumika kutoka Ikwiriri hadi visiwa vya delta ya Rufiji na namba ya NIDA, yaani namba ya utambulisho wa taifa, na hivyo na mtu mmoja anayejulikana. Mvuvi wa Nyamisati, wilayani Kibiti, ambaye kidole chake kimelika kwa kamba za jarife, mashine ya wakala ikagoma kukisoma, hakuwa na la kufanya ila kukifuta na kukibandika tena, kwa kuwa laini isiyosajiliwa ilizimwa.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru taarifa zinazohitajika katika upelelezi zitolewe, pasipo kupita kwanza kwa hakimu. Miongoni mwa taarifa hizo ni kumbukumbu za mawasiliano, zinazoonyesha nani alimpigia nani, saa ngapi, na simu ilikuwa karibu na mnara upi. Mwenye kuzisoma kwa miezi mitatu hujua mtu analala wapi na anamtembelea nani, hata kama hajasikia neno lake moja.

Watetezi wa mamlaka hayo hutaja usalama, hoja isiyofaa kubezwa Kibiti, ambako wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari waliuawa, wakiwamo polisi wanane Aprili 2017. Lakini ni Kibiti hiyohiyo alikotoweka Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyeripoti mauaji hayo, tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufa, kisha akakana kwamba alimaanisha hivyo, na familia ikabaki bila jibu. Dola inayodai kidole cha kila mvuvi ilipaswa kudaiwa maelezo zaidi ya hayo.

Septemba mwaka huohuo wa 2017 mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma. Miaka saba baadaye gazeti la The Guardian liliripoti madai ya mpelelezi wa zamani wa Millicom, iliyokuwa ikimiliki kampuni ya simu ya Tigo, kwamba taarifa za simu ya mwanasiasa huyo na mahali ilipokuwa zilipelekwa serikalini kabla ya shambulio. Madai si hukumu. Hata hivyo, yalijitokeza London, katika shauri la ajira la mpelelezi huyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume inayopokea malalamiko, ingawa ulinzi wake hulegea usalama wa taifa unapotajwa. Ili alalamike, mvuvi wa Nyamisati lazima kwanza ajue kwamba kumbukumbu zake zimechukuliwa, na kifungu cha 32 hakimlazimishi mkuu wa kituo kumwarifu.