Neno la Kuwakaribisha Wageni wa Yubile
(Maneno ya mukatekista wa parokia)

Karibuni Bengamisa.

Ninyi muliotoka Kisangani mumevuka muto Tshopo na muto Lindi, mukafuata barabara ya Buta katikati ya pori, karibu kilomita 50. Labda mumetazama kanisa letu na kusema moyoni: parokia ndogo. Ni kweli. Lakini parokia ndogo nayo ina wazee wake waliotoa jasho.

Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa shirika la Moyo Mutakatifu wa Yesu, alifika Stanley Falls, akaanzisha misioni ya Mutakatifu Gabrieli. Mwaka 1908 akawekwa kuwa askofu. Kutoka kule mapadri waliingia porini. Walikuwa wachache, na vijiji vilikuwa vingi. Padri alipita, akabatiza, akaenda zake, mukatekista alibaki. Yeye ndiye aliyepiga ngoma ya sala, aliyefundisha watoto, aliyeandika majina ya wenye kuomba ubatizo, aliyezika wafu.

Mwaka 1964 ukaja uasi wa Simba. Mapadri na watawa wengi wa inchi hizi waliuawa. Mwaka ule Mwenye Heri Anuarite alimwaga damu yake kule Isiro. Misioni nyingi zikabaki bila padri. Je, imani ilikufa? Hapana. Katika vijiji vingi watu walikutana kusali pasipo Misa, wakiongozwa na wakatekista na wamama.

Angalieni sasa. Majina ya mapadri yameandikwa katika vitabu. Majina ya wakatekista wale yanakaa katika vichwa vya wazee tu; na mutoto aliyezaliwa mwaka 1964 amekwisha kupita miaka 60.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Vijana muliosoma, chukueni daftari, kaeni karibu na wazee, muandike: nani alifundisha katika kijiji gani, na kaburi lake liko wapi. Nanyi mapadri wageni, kama nyumbani kwenu kuna barua ao picha za Bengamisa, mutupatie nakala.

Ndipo kila mwaka, tarehe 2 Novemba, tutasoma majina hayo mbele ya altare, na watoto wetu watajua nani aliyewaletea neno la Mungu.

Bikira Maria atuombee.