Vita Vilivyosimama, na Watu Waliovibeba



Askari hufundishwa kushambulia, na hufundishwa kulinda. Jioni hii tuzungumze juu ya hali ya tatu: vita vinaposimama, pasiwe na wa kusonga mbele wala wa kurudi nyuma.

Mwishoni mwa mwaka 1914, mahandaki yalichimbwa Ulaya kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Ushujaa haukukosekana, kilichokosekana ni njia. Bunduki za rashasha na seng'enge ziliwazuia washambuliaji waliokwenda kwa miguu, huku mwenye kujilinda akiletewa askari wapya kwa garimoshi. Tarehe 1 Julai 1916, karibu na mto Somme nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu wapatao 57,000 kwa siku moja, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa. Majemadari waliodhani kuwa moyo wa askari unaweza kukata waya walilipa kwa damu isiyokuwa yao.

Msidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mbali nasi. Katika bonde la Rusizi na kaskazini ya Ziwa Kivu, majeshi ya Ubelgiji na Ujerumani yalitazamana kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi Aprili 1916. Mji wetu huu, ulioitwa Usumbura wakati huo, ulikuwa kituo cha Wajerumani.

Ni kitu gani kilichovunja mkwamo huo? Kwanza, Ziwa Tanganyika. Desemba 1915, Waingereza walioleta mashua mbili kutoka Afrika ya Kusini, kwa reli na kwa kuzikokota porini, waliiteka meli ya Kijerumani «Kingani». Februari 1916 wakaizamisha «Hedwig von Wissmann». Pili, migongo ya watu. Reli haikufika katika milima yetu. Risasi, unga na dawa vilipandishwa na wapagazi. Ndipo Wabelgiji walipoingia Usumbura mwezi Juni 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba.

Wapagazi hao walitolewa vijijini kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu. Njaa, baridi na kuhara viliwamaliza kuliko risasi. Majina ya makamanda yamo vitabuni. Ya wapagazi hayamo. Huko Dar es Salaam, jina la Kariakoo bado linakumbusha kikosi cha wachukuzi wa Waingereza.

Ndugu askari, hapo ndipo penye funzo. Kamanda asihesabu bunduki kabla ya kuhesabu magunia, wala asiwatume vijana mahali ambapo ushujaa pekee hauwezi kufungua njia. Na kila mwenye sare akumbuke kwamba chakula chake kimelimwa na mtu. Mkulima aliyenyang'anywa leo hatalima kesho, na handaki lisilo na chakula nyuma yake ni kaburi lililokwisha kuchimbwa.