Redio za Meli Kulingana na Eneo la Bahari

Mfumo wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini, ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999, unazihusu meli za abiria na za mizigo za ujazo wa tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa. Bahari imegawanywa katika maeneo manne, na kadiri meli inavyokwenda mbali, ndivyo vifaa vinavyoongezeka.

Eneo A1 liko karibu na pwani, takriban maili 20 hadi 30 za baharini, ambako redio ya VHF inatosha. Nahodha akibonyeza kitufe chekundu cha dharura, chaneli 70 hupeleka namba ya meli yenye tarakimu 9 na mahali ilipo. Mazungumzo hufuata kwenye chaneli 16. Eneo A2 huhitaji pia redio ya masafa ya kati. A3 ni bahari kuu inayofikiwa na setilaiti. A4 ni sehemu zilizobaki, hasa karibu na ncha za dunia, ambako redio ya masafa ya juu ni lazima.

Meli hubeba pia boya la dharura. Meli ikizama, boya hilo hujifungua lenyewe, huelea na kutuma ishara kwa setilaiti kupitia megahezi 406, ili waokoaji wajue pa kutafuta.