Vazi la Mtu Huru



Kila tarehe 1 Agosti, katika kisiwa cha Trinidad, watu wenye asili ya Afrika huvaa majoho ya Kiafrika, hufunga vilemba, na kuandamana kwa ngoma katika mitaa ya Port of Spain. Wanaikumbuka siku ile ya mwaka 1834, sheria ya Waingereza ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika. Tangu mwaka 1985 siku hiyo ni sikukuu ya taifa lao.

Kwa nini mavazi? Kwa sababu mtumwa hakujichagulia nguo. Bwana wake alimgawia kitambaa kigumu, kama alivyomgawia chakula. Pwani yetu nayo yalijua jambo hili. Watumwa wa Unguja walivaa kaniki. Na utumwa ulipokomeshwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki, wakajifunga kanga za rangi. Hawakutafuta urembo tu. Walitangaza kwamba nao ni watu.

Injili ya Luka yatuonyesha jambo hilohilo. Mwana mpotevu alitaka apokewe kama kibarua. Baba hakumngoja amalize maneno yake; aliagiza aletewe vazi lililo bora. Nasi siku ya Ubatizo tulivikwa vazi jeupe, tukaitwa wana.

Lakini tusisahau: mwaka 1834 watu wa Trinidad waliambiwa kwamba wako huru, kisha wakaambiwa waendelee kuwatumikia mabwana walewale kwa miaka kadhaa, bila ujira kwa sehemu kubwa ya kazi yao. Walikusanyika mjini kupinga. Uhuru kamili ulifika mwaka 1838. Vazi la uhuru lilikuwa limeshonwa, ila mabwana walilifungia sandukuni.

Je, sisi hatufanyi vivyo hivyo? Jumapili twaja kanisani na vitenge vipya, twaimba kwamba Kristo ametuweka huru. Nyumbani tumemwacha binti anayetupikia na kutufulia. Amevaa nguo tulizokwisha kuzichoka. Hula baada ya wote. Ujira wake wa mwezi uliopita tungali nao mfukoni, na akiuliza twamwambia, “Subiri.” Wengine hata jina lake la Ubatizo hatulijui. Ibada ya Jumapili hajaiona tangu alipoingia kwetu.

Ndugu zangu, leo, kabla ya kukunja kitenge na kukirudisha kabatini, tumlipe haki yake. Tumwite kwa jina lake. Tumketishe mezani pamoja nasi, na Jumapili ijayo tuongozane naye kanisani, akiwa amevaa nguo aliyoichagua mwenyewe.

Ee Baba, uliyetuvika sisi tusiostahili, utufundishe kutomnyima mtu yeyote vazi ulilomshonea. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.