Nahodha Akisema Leo Hatuvuki

Msikilizaji, ukisimama kituo cha Barakuda hapa Tabata, kituo chenye jina la samaki wa baharini, kusi inakupita ikiwa vumbi tu. Inapeperusha kanga kwenye kamba, inabamiza dirisha, basi. Upepo huohuo, saa hiyohiyo, kule ufukweni Kunduchi ndio unaoamua nani atarudi nyumbani.

Nalisema hili kwa sababu huu ni msimu wake, na mwisho wa wiki vijana wetu wanateremka pwani wavuke kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Wakiiona ngalawa na matengo yake, zile mbao mbili zinazoelea kushoto na kulia, wanajiambia chombo hiki hakipinduki. Kinapinduka. Mtumbwi wenyewe ni gogo lililochongwa, mwembamba, peke yake hausimami majini. Matengo ndiyo yanayousimamisha, na nguvu zake zina kikomo.

Kikomo hicho nahodha anakijua kwa macho. Tengo la upande wa upepo likianza kunyanyuka, baharia hupanda juu ya miti yake alirudishe chini kwa uzito wa mwili wake. Lile la upande wa pili likizama, maji hulikamata, na chombo chote hujizungusha juu yake. Hapo ni kulegeza demani, kamba inayozuia tanga, upepo upite. Isipotosha, tua tanga lote. Anayeifunga demani fundo gumu ili apumzishe mikono, dharuba ikija hana muda wa kulifungua. Na mkiwa mnakimbia, upepo uko nyuma, hatari inahamia mbele: omo inachomeka ndani ya wimbi. Watu warudi nyuma, tezi, upesi. Hata katamarani za kisasa, zenye matumbo mawili, hupinduka kwa namna hiyohiyo.

Abiria hayajui haya. Ameshika nauli, marafiki wanamsubiri kisiwani, anaona jua linawaka. Nahodha anasita, abiria anaongeza pesa. Hilo ndilo linaloniuma, maana nahodha naye ana watoto wanaosubiri unga.

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu wengi walikufa. Ile ilikuwa meli ya injini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tazama mlango wa chumba chako. Wimbi lina kimo hicho, nawe umekaa kwenye gogo.

Basi ndugu zangu wa Tabata, nawaomba. Nahodha akisema leo hatuvuki, msimbembeleze, msimwongezee hata shilingi. Mshukuruni, mkae hapohapo ufukweni Kunduchi mle samaki wenu, na jioni mpande daladala mrudi nyumbani.